Yogati imegoma kuganda, tumeambiwa ni virusi. Ni kweli?

"Sisi ni akina mama watano hapa Njombe, tunatengeneza yogati lita 60 kwa siku. Tulianza na pakiti ya kalcha ya unga (bakteria wa kugandishia), baada ya hapo kila siku tunachota yogati ya jana na kuitumia kama kalcha. Miezi minne mambo yalikwenda vizuri. Sasa ni wiki ya tatu maziwa hayagandi. Saa nne zinapita, saa nane, bado ni majimaji yenye uchachu wa mbali. Tukifungua pakiti mpya yanaganda siku mbili au tatu, halafu yanagoma tena. Mmoja ametuambia ni dawa za ng'ombe, mwingine anasema ni virusi. Lakini maziwa tunayachemsha mpaka yanatokota, kirusi kinaponaje hapo? Na kama ni virusi kweli, waliokunywa wataugua? Tuweke dawa gani?"

Dada, poleni sana. Lita 60 zikimwagwa siku moja tu inauma, sembuse wiki tatu.

Nianze na linalowanyima usingizi. Kirusi kinachoharibu yogati hakimwambukizi binadamu. Hakiwezi kuzaliana ndani ya seli ya mtu, kwa sababu kimeumbwa kwa ajili ya bakteria, tena mara nyingi kwa bakteria wa aina moja tu. Waliokunywa yogati yenu wamekunywa virusi hivyo kama wanavyovinywa kila siku bila kujua, na hakuna kilichowapata kutokana navyo. Hatari iko kwingine, nitaifikia.

La pili: kwa maelezo yako, mimi naegemea upande wa aliyesema virusi. Pakiti mpya inafanya kazi siku mbili au tatu kwa maziwa yaleyale ya wafugaji walewale. Kama tatizo lingekuwa dawa ndani ya maziwa, pakiti mpya ingegoma siku hiyohiyo ya kwanza. Baridi ya Njombe nayo ingegoma na pakiti zote, mpya na za zamani. Hili la kuanza vizuri kisha kufa lina sahihi ya kitu kinachozaliana.

Na hapa ndipo penye jibu la swali lako la kuchemsha. Maziwa mnayachemsha, kalcha hamuichemshi, wala hamuwezi, maana mtaua bakteria mnaowahitaji. Kirusi hakiwaponyoki kwenye sufuria. Mnakipanda wenyewe kila asubuhi, kwa kile kikombe cha yogati ya jana.

Ili uone kwa nini, lazima tuingie ndani ya bakteria kidogo. Yogati ni kazi ya bakteria wawili: Streptococcus thermophilus, wa mviringo, waliojipanga kama shanga kwenye uzi, na Lactobacillus bulgaricus, wenye umbo la vijiti. Wanakula laktosi, ile sukari ya maziwa, na kutoa asidi ya laktiki. pH ya maziwa, kipimo ambacho kikishuka uchachu unazidi, inashuka kutoka 6.6 hivi hadi kufika karibu 4.6, na hapo protini iitwayo kaseini inashikana na maziwa yanaganda. Hawa wawili wanategemeana. Vijiti vinavunjavunja protini na kuwapa wa mviringo vipande vya kujengea mwili. Wa mviringo wanaondoa hewa na kuvipa vijiti asidi ya fomiki na kabonidayoksaidi. Akifa mmoja, mwenzake anabaki akijikongoja. Ndiyo maana maziwa yenu yana uchachu wa mbali lakini hayagandi: mara nyingi virusi vinawamaliza wale wa mviringo, na vijiti vinabaki na kazi isiyowezekana.

Kirusi chenyewe kinaitwa bakteriofaji, au faji kwa mkato. Cha aina inayoshambulia yogati kina kichwa cha upana wa nanomita 60 hivi na mkia mrefu unaopita nanomita 200. Panga vichwa zaidi ya 16,000 kwa mstari, ndipo utapata milimita moja. Jina hilo alilitoa Félix d'Herelle mwaka 1917, miaka miwili baada ya Frederick Twort kuona jambo hilohilo, na maana yake ni "mla bakteria". Ni jina la kupotosha. Faji haili kitu. Haina mdomo, haina tumbo, haipumui, haitengenezi nguvu yake yenyewe. Ina DNA, yaani maelekezo ya urithi yaliyoandikwa kwa herufi za kemikali, iliyosokotwa ndani ya ganda la protini, basi.

Fikiria fundi cherehani mwenye duka lake. Cherehani zake, kitambaa chake, uzi wake, umeme analipa yeye. Anaingia mtu mikono mitupu, mfukoni ana karatasi moja tu ya vipimo. Anaiweka mezani juu ya karatasi nyingine na kutoka. Mafundi hawaulizi karatasi ni ya nani. Wao wanashona kilichoandikwa. Na kilichoandikwa ni: shona nakala za mwenye karatasi, kisha bomoa duka.

Ndivyo inavyokuwa. Ncha ya mkia wa faji inapapasa ukuta wa bakteria ikitafuta sukari fulani zilizojipanga kwa namna fulani. Ikizikuta, inanasa kama ufunguo kwenye kufuli. Faji nyingi za maziwa zinahitaji kalisi ili zinase au ziingize DNA yao, na maziwa, bahati mbaya, ni bahari ya kalisi. (Viwanda vikubwa hukuzia kalcha mama katika vyakula maalumu vyenye fosfati zinazofunga kalisi, kusudi kirusi kikose pa kushikilia. Msijaribu hilo kwenye yogati ya kuuza, haitaganda sawasawa.) Kisha DNA inapita kwenye mkia na kuingia ndani, ganda linabaki nje. Hili lilionyeshwa mwaka 1952 na Alfred Hershey na Martha Chase, waliotia alama ya mionzi kwenye fosforasi ya DNA na salfa ya protini wakaona kipi kinaingia.

Ndani ya bakteria kuna kimeng'enya kinachosoma DNA na kutoa nakala za RNA. Kinatambua pa kuanzia kwa alama fupi za herufi. Jeni za kwanza za kirusi zina alama hizohizo, tena mara nyingi zenye mvuto kuliko za mwenyeji, kwa hiyo kimeng'enya hicho, ambacho ndicho karani wa duka, kinaanza kunakili karatasi ya mgeni. Nakala inakwenda kwenye ribosomu, hizo ndizo cherehani, zinazoshona protini kutoka kwenye RNA yoyote ziipatayo. Kirusi hakina hata ribosomu moja. Kila protini yake imeshonwa na bakteria anayekufa.

Protini za kwanza ni za kuteka duka. Mfano uliochunguzwa kuliko yote ni faji T4 ya bakteria wa tumboni, E. coli. Moja ya protini zake za mwanzo inakamata sehemu ya karani yule inayotambua alama za pa kuanzia, ili jeni za mwenyeji zisisomwe tena. Vimeng'enya vingine vinakatakata DNA ya bakteria, na herufi zake zinatumika upya kuandika DNA ya kirusi. Faji T7 inafanya ujanja mwingine: inaamuru bakteria amtengenezee karani mpya kabisa, anayesoma jeni za kirusi tu. Njia ni nyingi, shabaha ni moja.

Baadaye zinashonwa vichwa, mikia na ncha. Mota ndogo ya protini inasukuma DNA ndani ya kichwa kwa nguvu, na nguvu hiyo ni ya bakteria vilevile. Mwishoni protini iitwayo holini inatoboa utando wa ndani kwa wakati wake, na nyingine, lisini, inapita hapo na kuuyeyusha ukuta. Bakteria anapasuka. Kwa virusi vingi vya yogati safari nzima inachukua nusu saa hadi dakika 45 hivi, na kila bakteria anaachia makumi ya virusi, wakati mwingine zaidi ya mia. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone; huyu mgeni yeye kafuata njia ya pili.

Sasa piga hesabu. Tuseme mmeanza na kirusi kimoja tu kwa mililita, na kila mzunguko wa dakika 40 kimoja kinazaa 100. Mizunguko minne, yaani saa mbili na dakika 40, ni milioni 100. Muda huohuo bakteria wakijigawa kila nusu saa wanaongezeka mara 40 hivi. Hakuna mashindano hapo. Ndiyo sababu sufuria inaanza vizuri, inachachuka kidogo, kisha inasimama ghafla. Na ndiyo sababu pakiti mpya inawapa siku mbili za furaha: siku ya kwanza virusi ni vichache, vinachelewa, maziwa yanawahi kuganda. Mnachota kalcha ya kesho mkifikiri ni nzima, kumbe mmebeba mamilioni.

Ona pia jambo lenye kejeli kidogo. Kirusi kinazaliana vizuri ndani ya bakteria mwenye nguvu, maana kinatumia nguvu yake. Kadiri mnavyowalea bakteria wenu vizuri kwa joto zuri na maziwa mazuri, ndivyo mnavyokilea. Kuongeza kiasi cha kalcha ya jana, jambo ambalo wengi hulikimbilia, ni kuongeza virusi na kuvipa mahali pa kuzalia.

Msiniamini bure, pimeni. Mnahitaji pakiti mpya ya kalcha, lita moja ya maziwa ya boksi (yale ya UHT), chupa nne za kioo zenye vifuniko zilizochemshwa, kipimajoto, na maji kidogo kutoka yogati iliyogoma. Koroga unga kidogo wa kalcha mpya ndani ya mililita 100 za maziwa ya boksi, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha mchanganyiko huo katika kila chupa. Chupa ya 1 ina mililita 200 za maziwa ya boksi. Ya 2 ina kiasi hichohicho cha maziwa ya wafugaji wenu, yaliyochemshwa na kupozwa. Ya 3 ni maziwa ya boksi pamoja na nusu kijiko cha chai, mililita 2 hivi, cha majimaji ya yogati iliyogoma. Ya 4 ni kama ya 3, ila hayo majimaji yamefungwa ndani ya kichupa na kuchemshwa kwenye maji yanayotokota kwa dakika 30, kisha kupozwa. Chupa ya 3 ishughulikiwe mwisho kabisa, na kijiko chake kisiguse nyingine. Nimeona vipimo vingi vikiharibika kwa kijiko tu. Ziwekeni zote kwenye maji ya nyuzi 43, na kila saa inamisheni chupa kidogo mwone kama maziwa yanatiririka.

Zikiganda ya 1, 2 na 4 baada ya saa tano au sita na ya 3 ikabaki majimaji au ikachelewa sana, ni kirusi. Ikigoma ya 2 peke yake, maziwa ndiyo yenye tatizo: antibayotiki, au mtu ametia kitu cha kuyazuia yasiharibike. Zikigoma ya 3 na ya 4 pamoja, kuna dawa isiyoisha kwa kuchemsha, na penisilini ni ya namna hiyo. Ikigoma ya 1, kalcha ilikufa njiani kwa joto au kipimajoto kinadanganya.

Na kama bado mna shaka, chukueni mililita 2 kutoka chupa ya 3 mtie kwenye chupa nyingine mpya yenye maziwa ya boksi na kalcha mpya, kesho yake mrudie kutoka hiyo. Dawa inazimuliwa mara 100 kila hatua. Hatua ya tatu imebaki sehemu moja kwa milioni na maziwa yanaganda. Kirusi hakizimuki. Kila chupa kinapata karakana mpya. Hakuna sumu wala dawa inayofanya hivyo, na kwangu mimi kipimo hiki kina uzito kuliko maoni ya mtaalamu yeyote aliyesimama mlangoni. Maziwa ya majaribio yasinywewe.

Kikithibitika, safisheni siku moja nzima bila kutengeneza chochote. Virusi hivi vinakaa wiki kadhaa kwenye mabaki ya yogati yaliyokauka: mshono wa ndoo, mpini wa upawa, koki ya pipa, kitambaa cha kuchujia, mfereji wa sakafuni. Osheni kwanza kwa sabuni na maji ya moto, kwa sababu klorini inaishia kwenye mabaki ya maziwa kabla haijafika kwa kirusi. Halafu dawa ya klorini: kama lebo inasema 3.5%, mililita 60 kwenye lita 10 za maji safi zinatoa kama sehemu 200 kwa milioni. Vyombo vilowe dakika 15, visuuzwe kwa maji yaliyochemshwa, vikauke. Sufuria za alumini msizitie klorini, inazila, hizo chemsheni. Vitambaa vya zamani tupeni. Spiriti msiitegemee, inaua bakteria wengi lakini faji nyingi za maziwa zinaistahimili.

Kuhusu joto la maziwa: "mpaka yatokote" haitoshi kuwa kipimo. Njombe mko karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji yanatokota kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Na kuna faji za maziwa zinazovuka joto la kawaida la kupasha la nyuzi 72 kwa sekunde 15 bila shida. Shikilieni nyuzi 90 kwa dakika 10, mkikoroga, kisha pozeni sufuria ikiwa imefunikwa ndani ya maji baridi. Zile saa maziwa yanapoa wazi huku mtu anapakia yogati ya jana pembeni, ndipo matone yanaporuka. Mwenye kutia kalcha aitie kabla ya kugusa yogati ya jana, siyo baada.

Sasa kalcha. Njia salama kuliko zote ni pakiti ya kutia moja kwa moja kila siku. Ni ghali, sitaficha. Njia ya kati ni hii: pakiti moja mpya igandishwe kwenye lita 1.5 za maziwa ya boksi, igawanywe vikopo 30 vya mililita 50 vilivyochemshwa, iwekwe kwenye friza. Kila jioni, katika chumba tofauti na kile cha kupakia, kikopo kimoja kinaingia kwenye lita 1.5 za maziwa yaliyopashwa vizuri. Yakiganda yawekwe kwenye friji, na asubuhi hiyo ndiyo kalcha ya lita 60. Kikopo kikishatumika hakirudi. Yogati ya kuuza haigeuki kalcha tena, hata iwe nzuri namna gani. Kuganda kwenye friza kunapunguza nguvu ya bakteria, kwa hiyo jioni muwape saa moja ya ziada, na vikopo visipite mwezi.

Juu ya hapo, kuweni na kalcha mbili za kupokezana kila wiki. Mwambieni muuzaji waziwazi kwamba mnataka zile zisizoshambuliwa na virusi vilevile. Jina tofauti kwenye pakiti halitoshi, ndani wanaweza kuwa bakteria walewale. Kirusi kilichobaki ukutani kikikutana na bakteria wenye kufuli nyingine, ufunguo wake ni chuma tu.

Wapo watakaowashauri mvumilie, bakteria watazoea. Kuna ukweli ndani yake. Streptococcus thermophilus ana kinga ya ajabu: anakata kipande cha DNA ya kirusi, herufi 30 hivi, anakihifadhi kama kumbukumbu na kukitumia kumtambua adui akirudi. Ni kwa bakteria huyuhuyu wa yogati ambapo kazi ya kinga hiyo, CRISPR, ilithibitishwa mwaka 2007. Lakini kirusi kinaweza kuivuka kwa kubadilisha herufi moja, na bakteria waliobaki mara nyingine huwa wazito. Mtindi wa kwenye kibuyu unavumilia zaidi kwa sababu nyingine: ndani yake mna aina nyingi za bakteria, mmoja akifa mwingine anashika kazi. Pakiti yenu ina aina mbili tatu tu. Ni shabaha rahisi.

Ulichouliza mwisho, dawa: hakuna. Antibayotiki zinaua bakteria na kumwacha kirusi salama. Msiziweke, hata tone.

Na ile hatari niliyoiahidi. Maziwa ya vuguvugu yaliyokaa saa nane bila asidi ya kutosha ni mahali pazuri kwa vimelea wengine, akiwemo Staphylococcus aureus wa mikononi na kwenye viwele vyenye ugonjwa, ambaye sumu yake haiharibiki kwa kuchemsha. Sufuria ambayo haijaganda baada ya saa nane isiuzwe, isichemshwe upya, isipewe watoto. Mwageni kwenye shimo la mbali, siyo kwenye mfereji wa karakana. Mteja akitapika na kuharisha ndani ya saa chache baada ya kunywa, aende kituo cha afya, na ninyi msimamishe mauzo siku hiyo.

Kama mmesafisha, mmebadilisha kalcha, na bado ndani ya wiki mbili inagoma, au kama chupa zimewapa majibu yanayogongana, msiendelee kubahatisha. Wasilianeni na Bodi ya Maziwa Tanzania, au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, muulize ni maabara gani inaweza kupima. Wanaotafuta faji hupanda bakteria kwenye sahani, wanadondoshea sampuli, na kesho yake wanahesabu vipara, yale madoa yanayopitisha mwanga ambako bakteria wamepasuka. Pelekeni mililita 100 za yogati iliyogoma, 100 za maziwa mabichi ya siku hiyo, na pakiti ya kalcha ambayo haijafunguliwa, kila kimoja kwenye mfuko wake, ndani ya boksi lenye barafu. Andikeni juu ya kila chupa tarehe, saa kalcha ilipotiwa, joto la maziwa wakati huo, na namba ya toleo iliyo kwenye pakiti.